Gunia la Matobolwa

Mjukuu wa dada yangu yuko kidato cha tatu, na ni mtoto mwenye akili. Julai iliyopita, redio ikitangaza sherehe za Siku ya Mashujaa, nilimuuliza anaijuaje Kagera. Akajibu bila kusita: timu ya mpira, ya kiwanda cha sukari. Nikamuuliza habari za vita. Akasema wameisoma, ukurasa mmoja, Amin alivamia tukampiga. Halafu akaniuliza swali lililonikera kuliko jibu lake la kwanza: "Babu, nyie mlikuwa mnaliunga mkono jeshi au mlikuwa mnapinga vita?"

Siku hizi kila jambo lazima liwe Simba au Yanga.

Mimi nilikuwa darasa la tano, Mwanza, mtaa wa Mabatini. Baba alikuwa karani wa reli. Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa fundi mwashi, na kwenye kona palikuwa na duka la mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mto Kagera, katika eneo lile lile ambalo Idi Amin wa Uganda alitangaza Novemba 1978 kwamba limekuwa lake. Alikuwa Mwanza tangu kabla ya Uhuru. Aliuza mafuta ya taa kwa kibaba, sabuni ya mche aliyoikata vipande kwa waya, chumvi, viberiti, sigara moja moja, na mkate uliofika asubuhi ukiwa bado wa moto. Mizani yake ilikuwa ya haki, jambo ambalo hata maadui zake walikubali. Mbele ya duka palikuwa na kibaraza chenye benchi la mninga, na hapo ndipo wanaume wa mtaa walipokaa jioni kusikiliza redio yake, kwa sababu betri zake hazikuisha.

Watu wapatao 40,000 walikimbia kuvuka mto kuja kusini wakati ule. Saba kati yao walifikia stoo ya mzee wa duka. Alihamisha magunia ya chumvi, akatandika mikeka, hakutangaza kwa mtu. Tulijua kwa sababu mkewe alianza kununua ndizi mikungu miwili miwili.

Kisha yakaja matobolwa. Kwa asiye mtu wa kwetu, haya ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikauke. Vikianikwa vibichi tunaita michembe. Ni chakula cha safari: hakiozi, chepesi kubeba, na ukikitafuna kwa karanga unashiba hadi kesho. Wanawake wa mtaa wetu walianza kuyaleta dukani kwa vikapu na ungo, pamoja na dagaa wa ziwani waliokaangwa kwa chumvi, ili yapelekwe kwa askari waliokuwa wakipita. Mzee alitoa magunia na sehemu ya kuyaweka. Ndani ya wiki mbili duka zima lilinuka matobolwa na dagaa, harufu tamu yenye vumbi na chumvi ndani yake. Sukari yake ilinuka dagaa. Mkate ulinuka dagaa. Daftari langu la hesabu, nililolinunua kwake, lilinuka dagaa mpaka mwalimu akaniuliza kama kwetu tunavua. Hata leo nikipita Mwaloni pale Kirumba jioni, hiyo ndiyo vita ninayoikumbuka.

Sitasema kila kitu kilitolewa kwa hiari. Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari la michango, na jina lisilo na alama lilionekana na kila mtu. Lakini daftari lile lilikuwa la fedha. Matobolwa hayakuandikwa popote.

Jumamosi tulibeba magunia kwenda stesheni. Treni kutoka Tabora zilishusha vijana, wengine wakaendelea kwa meli hadi Bukoba, wengine kwa malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa kwa shughuli ile. Askari mmoja alinivika kofia yake, ikanifika puani, wenzake wakacheka. Fundi mwashi jirani yetu naye akaondoka, akiwa mgambo. Maelfu ya mgambo waliingizwa jeshini miezi ile, watu waliokuwa wakifyatua matofali na kuchunga ng'ombe. Mkewe alimfunga gunia lake peke yake, akaliandika jina kwa mkaa.

Nyumbani kwetu palikuwa na mtu mmoja aliyebeba magunia kuliko wote na kusema kuliko wote. Ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Alikuwa nasi tangu Machi, baada ya kufukuzwa Chuo Kikuu pamoja na wenzake walioandamana tarehe 5 Machi 1978 kupinga wakubwa kujiongezea marupurupu. Mwana wa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwombea. Novemba mji mzima ulipoandamana kumlaani nduli Amin, kaka naye akaandamana. Baba akamwambia, "Umeona? Ukiandamana unavyotakiwa, hufukuzwi."

Nimejaribu kupanga tarehe ya jioni moja ya mabishano kibarazani. Jeshi letu lilikuwa limekwisha kurudi ng'ambo ya Kagera kabla ya mwaka kuisha, na Mutukula, ndani ya Uganda, ilitekwa Januari 1979. Kwa hiyo ilikuwa baada ya hapo. Mama anasema mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nakumbuka vumbi. Tuache.

Baba alikuwa na furaha. Alisema sasa twende mpaka Kampala, tumkamate, tumlete Mwanza aonekane. Kaka akasema Amin ni muuaji, akianguka hatamlilia, ila vita hii italipwa na watu wasioketi kibarazani: fedha za kigeni ni kidogo, mafuta yamepanda, na nchi inayokwenda kubadilisha serikali ya jirani haitajua lini itarudi. Baba akamwambia apunguze sauti. Aliangalia barabarani kwanza, ndipo akamwambia.

Nilitegemea mzee wa duka amkemee kijana. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ya kwao, ndugu zake walikuwa wamelala stooni kwake. Lakini akasema, "Mwizi ukishamtoa nyumbani kwako unafunga mlango. Humfuati kwake ukakaa sebuleni ukamchagulia mke." Baba akacheka kidogo, kisha akanyamaza, maana aliona mzee hatanii.

Halafu akamuuliza, "Mzee wangu, mbona basi unawapelekea askari chakula?"

"Wale ni wanangu. Waliowatuma ni wakubwa wenzangu, na hao nitagombana nao nikiwaona."

Hakuwaona, bila shaka. Hakuna aliyewaona. Hilo ndilo ninaloliona leo kuwa kasoro kubwa ya miaka ile ambayo sisi wazee tunapenda kuisifu. Maneno kama yale yalisemwa kwa sauti ya chini, baada ya kuangalia barabarani, na watu waliokuwa wakibeba magunia kwa mabega yao wenyewe. Chama kilikuwa kimoja, redio ilikuwa moja, na magazeti yalipatana. Aliyekuwa na shaka kuhusu kwenda Kampala alionekana amemwonea Amin huruma. Wala si kweli kwamba shaka ingewavunja moyo askari. Askari wenyewe walikuwa nayo.

Fundi mwashi alirudi kwa ruhusa fupi na jeraha la mguu. Alikaa kwenye benchi la mninga na watu wakamzunguka kusikia ushujaa. Akaanza kueleza Mutukula: jinsi walivyoingia, jinsi nyumba zilivyosawazishwa kwa tingatinga. Halafu akasema walikuwapo wazee walioshindwa kukimbia, raia, na wengine waliuawa na watu wetu, kwa hasira ya yaliyotendwa Kagera. Alisema Mwalimu alipopata habari alikasirika, likatoka agizo kwamba raia wasiguswe tena. Baba aliinuka akaenda zake. Watu wawili watatu nao wakakumbuka shughuli. Mzee wa duka aliingia ndani, akatoka na sigara, akamwashia, akakaa naye. Hakumwambia amefanya vizuri, hakumwambia amefanya vibaya. Baada ya muda mrefu akamuuliza, "Na wewe, mguu unauma usiku?"

Kwangu mimi, kumuunga mkono askari ndiko huko. Kupiga makofi pekee kuna manufaa kidogo, na kumgeuzia mgongo anaposema jambo lisilopendeza ni kumtupa. Wiki iliyofuata kaka alibeba gunia lingine, na kibarazani akaendelea kusema vita imevuka mpaka wake.

Mwezi Machi Gaddafi wa Libya, rafiki yake Amin, alitupa muda wa kuondoka Uganda, tusipoondoka atatupiga. Ndege yake ya Tupolev ilikuja kweli kulenga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa, ikapiga Kisiwa cha Saanane, mbuga yetu ndogo tuliyopelekwa na shule kuona wanyama. Mtu mmoja alijeruhiwa na swala kadhaa wakafa. Ilikuwa tarehe 29 Machi. Mama anashikilia ilikuwa Kwaresima, na kalenda inamuunga mkono. Usiku ule hata kaka hakusema lolote juu ya mipaka. Mji ukipigwa, hoja hulala. Kesho yake ziliamka, na mzee wa duka alizianza yeye, tena kwa nguvu zaidi: "Sasa mmeona? Swala wetu wamekufa kwa ajili ya kiti cha Kampala."

Aprili Kampala ikaanguka. Tuliimba, na mzee aliimba pia, nilimwona.

Yaliyofuata kila mtu wa umri wangu anayajua. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Huko Monrovia, kwenye mkutano wa nchi za Afrika, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu kwa kuvuka mpaka, na gharama ya vita ilikadiriwa kufika dola milioni 500, za nchi ambayo haikuwa nazo. Rafu za duka la kona zilibaki na viberiti na picha ya Mwalimu. Tulifulia magadi. Tulikula ugali wa njano tuliouita Yanga. Miezi 18 ikapita na mkanda haukulegea. Kaka, aliyekuwa amesamehewa na kurudi chuoni, alituandikia barua moja tu kuhusu jambo hilo, na hakuandika "niliwaambia", heshima ambayo mimi nisingeweza. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, watu walikuja wakapindua duka, wakakuta katoni mbili za sabuni, wakamchukua mzee. Aliachiwa baada ya siku chache. Hakufungua tena. Aliuza benchi.

Miaka iliyobaki naipita haraka kwa sababu yenyewe ilinipita haraka. Jeshi letu lilikwenda Anjouan mwaka 2008, nikasikia nikiwa ndani ya daladala. Darfur, Julai 2013, tulipoteza walinda amani saba. Desemba 2017, kule Semuliki, Kongo, wasiopungua 14. Tuliona majeneza yenye bendera kwenye runinga, tukasema poleni, tukabadilisha stesheni. Hakuna aliyeniuliza kwenye benchi lolote kama tunapaswa kuwa Kongo au tusiwe. Hakuna aliyefunga gunia pia. Vyote viwili viliondoka pamoja.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha nguo zinazofanana na sare zake. Sheria ni sheria, naielewa, wapo majambazi. Lakini mtoto aliyewahi kuvikwa kofia stesheni haoni kama ni jambo dogo kwamba sasa shati la mabaka linatia hofu. Na mgambo? Yule fundi mwashi alikuwa mgambo. Leo mama lishe akisikia mgambo wanakuja anabeba sufuria la maharage likiwa bado motoni na kukimbia, na machinga anakunja turubai. Vijana wale nao wametumwa, nawajua wengine, mshahara wao ni wa kucheleweshwa. Wanachukiwa wao, na waliowatuma hawachukiwi na mtu. Mzee wa duka angeligeuza jambo hili juu chini.

Kila tarehe 25 Julai tunaweka ngao, mkuki na mashada, nami husimama kimya kama wengine. Sina ugomvi na mashada. Nina ugomvi na ukurasa mmoja wa kitabu cha kidato, usio na Mutukula, usio na miezi 18, usio na mtu mmoja aliyebeba chakula huku akipinga safari.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu yuko mzee aliyepigana vita ile, fanya haraka. Kijana wa miaka ishirini wa wakati ule sasa amepita sitini na mitano. Watoto hupenda kuuliza aliua wangapi. Swali hilo liache. Muulize alionaje kuvuka Mutukula, na ukae mpaka amalize kujibu.