Duka la Baga la Columbia Pike

Maduka ya Westmont, pale Columbia Pike inapokatana na Glebe Road katika kaunti ya Arlington, Virginia, yamekwisha kubomolewa. Yalikuwa maduka ya chini, yasiyo na ghorofa, yenye uwanja wa kuegesha magari mbele. Sasa mahali pake pamesimama jengo refu la nyumba za kupangisha, maduka mapya yakiwa chini. Mzee mmoja wa Moshi, aliyeendesha teksi katika vitongoji hivyo kwa miaka mingi, alipita hapo karibuni na mpwa wake, binti aliyezaliwa hukohuko Virginia na kumaliza chuo juzijuzi. Alimwonyesha jengo akamwambia kwamba kampuni ya baga ya Five Guys ilizaliwa hapo. Binti akashangaa. "Mjomba, Five Guys si ya California?"

Hilo lilimuuma mzee. Mtoto amekulia umbali wa nusu saa kutoka duka lile, amekula baga zake tangu ana meno ya utoto, na hakuna aliyemwambia zilianzia wapi.

Jerry Murrell na mkewe Janie walilifungua mwaka 1986. Mzee anashikilia kuwa alikula pale mara ya kwanza mwaka 1985, kwa kuwa analikumbuka gari alilokuwa akiendesha wakati huo. Maandishi yote yanasema 1986, na hakuna haja ya kugombana naye kwa mwaka mmoja. Linalojulikana vizuri ni kwamba wana wakubwa wa Murrell hawakuwa na hamu ya chuo, na fedha zilizowekwa akiba kwa ajili ya karo zikaingia kwenye duka la baga. Mzee wakati huo alikuwa akituma ada ya wadogo zake Moshi kila muhula, na habari hiyo ilipomfikia ilimtia simanzi. Baadaye alibadili mawazo, kwa sababu aliwaona vijana wale wakifanya kazi.

Wanaume watano wanaotajwa na jina Five Guys mwanzoni walikuwa baba na wanawe wanne: Jim, Matt, Chad na Ben. Tyler, mwana wa tano, alizaliwa duka likiwa tayari limefunguliwa, na kuanzia hapo watano wakawa watoto, baba akatoka kwenye hesabu.

Duka lilikuwa dogo, la kununua na kuondoka. Kilichomvuta mzee ni harufu. Mafuta ya karanga yakipata moto yananukia utamu mzito, na kwake ilikuwa kama kusimama jioni karibu na karai la muuza karanga pale stendi ya Moshi. Murrell alijifunza thamani ya mafuta hayo Ocean City, mji wa pwani ya Maryland, ambako duka la Thrasher's limekuwa likiuza chipsi tangu 1929. Ufukweni pale wauza chipsi walikuwa wengi, lakini foleni ndefu aliiona kwa Thrasher's tu, na Thrasher's walikaangia mafuta ya karanga.

Namna chipsi zile zinavyopikwa inastahili kuelezwa, maana wengi wanazila bila kujua. Viazi huja kwa magunia, na magunia hupangwa mbele ya wateja. Ubaoni huandikwa viazi vya siku hiyo vimetoka wapi. Kiazi hakimenywi, hukatwa na ganda lake, kisha vipande huoshwa mpaka maji yawe maangavu, kwa kuwa wanga ukibaki chipsi hushikana na kuwa nyeusi kabla ya kuiva. Hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza kiazi huiva ndani, hutolewa, hupumzishwa. Mteja akishaagiza, hurudishwa kwenye mafuta makali zaidi ili nje kukauke na kushika rangi. Mhudumu hujaza kikombe, hukiweka ndani ya mfuko wa kaki, halafu humwaga juu yake upawa mwingine mzima. Mfuko unalowa mafuta kabla mtu hajafika kwenye gari. Viti vya ile teksi vilibaki na alama mpaka siku ilipouzwa.

Baga nayo ilikuwa na taratibu zake. Friza hazimo dukani, yapo majokofu tu, kwa hiyo nyama haijapata kugandishwa. Ukiagiza baga ya kawaida unapewa vipande viwili vya nyama. Anayetaka kimoja huagiza ile ndogo. Mkate wenye mayai na maziwa hukaushwa juu ya bamba la chuma, na vitunguu, nyanya, uyoga au pilipili huongezwa bila malipo. Anayesubiri humenya karanga za bure.

Kisa ambacho mzee hachoki kukisimulia ni cha Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, yaliyo mwisho wa mashariki wa barabara hiyohiyo ya Columbia Pike. Murrell mwenyewe amekieleza hadharani: watu wa Pentagon walipiga simu wakitaka baga 15, wakauliza zitaletwa saa ngapi. Akawajibu kwamba hapeleki chakula, waje kuchukua. Amirali mmoja akapiga mwenyewe kumweleza kuwa kila mtu huwapelekea Pentagon chakula. Murrell na mwanawe Matt wakatengeneza bango la urefu wa futi 22 lililosema kwamba hapa hakuna kabisa kupelekewa, wakalitundika mbele ya duka. Baada ya hapo wateja kutoka Pentagon waliongezeka.

Walijaribu kahawa, ikashindikana. Walijaribu sandwichi ya kuku, ikashindikana pia. Wakarudi kwenye baga na chipsi, wakatulia humo. Kwa zaidi ya miaka 15 hawakutoka kaskazini mwa Virginia. Walipofikisha maduka matano kila mwenyeji aliona wamefika. Columbia Pike ya miaka ile ilikuwa ya watu waliotoka kwingine: Wabolivia, Wasalvador, Waethiopia, Wapakistani. Madereva walikutana uwanjani pale Westmont, milango ya magari wazi, wakapeana habari za kodi, za viza na za nyumbani. Ghorofa za leo ni nzuri kwa macho, lakini hakuna dereva atakayesimama chini yake nusu saa bila kuulizwa anangoja nani. Mzee analisema hilo kwa hasira ya kweli, na hakosei.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 2003 familia ilianza kuuza haki za kutumia jina, watoto wakishinikiza na baba akisitasita. Ndani ya mwaka mmoja na nusu haki za maduka zaidi ya 300 zilikuwa zimeuzwa. Mei 2009 Obama aliingia katika tawi moja la Washington na kuagiza kama mteja mwingine, na siku hiyo Wakenya wa Virginia walipigiana simu mpaka usiku. Duka la 1,000 lilifunguliwa 2012. London ilifuata 2013, kisha Dubai, Hong Kong, Shanghai.

Bei ndiyo imewatenga wengi. Mwaka 2024 risiti ya mlo wa mtu mmoja, zaidi ya dola 20, ilizunguka mitandaoni na kuzua zogo. Mzee anaumia, ila hawaiti wezi. Anakumbuka vimbunga vilipoharibu nyanya za Florida na kreti ikapanda kutoka dola 17 hadi 50. Wenye matawi waliomba waweke kipande kimoja cha nyanya badala ya viwili. Familia ikakataa. Asiyepunguza kitu kwenye mkate lazima apandishe bei, na hilo mzee analielewa vizuri kuliko wanaolalamika.

Asichokikubali ni kupelekewa nyumbani. Bango la futi 22 limebaki hadithi. Sasa baga hizo huagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni. Chipsi zilizokaangwa mara mbili ili zikauke nje zinafungiwa mfukoni, mvuke unazilainisha njiani, na kazi yote ya kuosha na kukaanga inapotelea kwenye foleni ya magari. Amirali alikataliwa kwa sababu ya maana. Mpwa anayo programu ya kuagizia, na mzee amemwomba asiitumie kwa chipsi. Baga, anasema, inavumilia safari kidogo kwa kuwa imefungwa kwenye foili.