Waridi la Jangwani

Julai ilipoingia na baridi yake ya Nairobi, majani ya waridi la jangwani yalianza kugeuka manjano. Kwanza lilianguka moja, kisha matatu, hatimaye yakawa yanapukutika kila uchao hata mwenye mmea huo akachelea kufungua dirisha, upepo usije ukamalizia yaliyosalia.

Hakuwa mkulima. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na chungu hicho ndicho kilichobaki cha bustani ya marehemu mama yake huko Voi. Nyumba ilipokabidhiwa mwenyewe, ndugu waligawana vyombo na leso. Yeye akaomba mmea. Aliupakata kwenye basi hadi jijini. Ulipomkuta mauti, mama alikuwa ameugua miezi mingi, na katika miezi hiyo binti aliuona mmea ukiwa umesimama bila jani hata moja, udongo wake mkavu kama jivu. Aliamini kwamba ulikuwa umesahauliwa na kwamba aliyeusahau ni yeye, maana mgonjwa hangeweza kubeba ndoo.

Basi akaazimia kulipa deni. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Majani yalipozidi kuanguka, aliongeza cha adhuhuri.

Waridi hili, ambalo wanabotania huliita Adenium obesum, huota lenyewe katika nyika za Kenya, katika ukanda wa Saheli na hata Arabuni. Shina lake hufura chini mithili ya mtungi, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji. Kwa kuwa maji mengi ya mmea hupotelea majanini, kiangazi au baridi ikija mmea huu huyaacha majani yake yaanguke, ukapumzika. Haufi. Ila mmea uliopumzika haunywi sana, na maji unayomiminiwa hubaki udongoni yakiziba nafasi za hewa. Mizizi nayo huhitaji hewa. Ikiikosa hufa, kuvu ikaingia na uozo ukaanza. Hapo ndipo mkanganyiko unapozuka, kwani mizizi iliyokufa haiwezi kufyonza maji, na mmea hupukutisha majani kwa kiu ilhali umesimama ndani ya tope. Kiswahili kina kitenzi kizuri, kupukutika, lakini kitenzi hicho hakisemi ni kwa sababu gani. Sababu hutafutwa kwa kidole.

Kwa kawaida jani lililonyauka na kukunjamana huashiria kiu, na lililolegea, likawa manjano na kujaa majimaji, huashiria maji yaliyozidi. Mimea mingine ya jamii hizi zenye kuhifadhi maji ina tabia zake: mshubiri haupukutishi, bali majani yake ya chini hukauka yakiwa yangali yameshika shina, na ule mmea wa Afrika Kusini wenye majani manene ya mviringo, Crassula ovata, huweza kuyadondosha hata kwa kukosa mwanga tu.

Mama mdogo alipokuja mjini kwa shughuli zake, alipita chuoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa tayari dirishani. Alilibonyeza shina kwa kidole gumba, juu kisha chini. "Huku ni gumu. Huku limelegea. Maji yote haya unampa nani?"

Binti akaeleza, na katika kueleza akajikuta anakiri habari ya chungu kikavu. Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho.

"Mamako hakuwa amesahau. Kila mwaka tangu Juni hakulipa hata tone hadi lichipuke. Nani alikwambia limesahauliwa?"

Hakuna aliyemwambia.

Waliung'oa mmea siku hiyohiyo. Mizizi miwili ilikuwa kahawia na ilimeguka kama ugali mbichi. Waliikata kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti hadi wakafikia nyama nyeupe isiyo na doa, wakanawa mikono kwa sabuni, kwani utomvu wake una sumu kali iliyowahi kupakwa kwenye mishale ya wawindaji. Kisha mmea ukaachwa kivulini siku kumi, bila udongo, kidonda kikauke. Kwa mtu aliyezoea kumimina, siku hizo kumi zilikuwa ndefu kuliko mtihani wowote.

Ulipandwa upya katika chungu cha udongo chenye tundu chini, ndani ya mchanga mnene wa mtoni uliochanganywa na kokoto ndogo na samadi kiasi kidogo tu, ukakaa wiki nyingine bila maji. Rafiki mmoja alikubali kuuweka chumbani mwake, kwenye dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa mwezi wa Julai jua la Nairobi hupita upande huo.

Tawi moja halikupona, likakatwa. Mwishoni mwa Septemba, joto liliporejea, vichipukizi vitatu vilichomoza. Binti alimpigia mama mdogo simu kumpa habari, naye akauliza kama keshaunywesha. Akajibu kwamba ameunywesha mara moja, maji yakachuruzika hadi nje, na sasa anangoja udongo ukauke.