Daftari la Marehemu

Baba yangu mdogo aliuza mchele katika soko la Soweto, hapa Mbeya, kwa miaka mingi. Kama ilivyo kwa wengi wa soko lile, magunia yake mengi yalikuwa mali kauli: mchele unashushwa kutoka Usangu au Kyela, unauzwa, ndipo mwenye mali analipwa. Hakuna mkataba; kuna daftari na uaminifu wa mtu.

Alipofariki, Allah amrehemu, imamu aliuliza kabla ya swala ya jeneza, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu aonane na familia. Watu wakanyamaza. Nani atanyoosha mkono mbele ya mayatima?

Siku ya tatu ukoo ulikaa kikao. Mazungumzo yote yakawa ni khitma ya arobaini: ng'ombe mmoja au wawili, turubai la nani, wageni wa Iringa walale wapi. Kijana mmoja akasema arobaini ni bid'a, na hapo kikao kikapasuka pande mbili. Ubishi huo ni wa zamani Afrika Mashariki. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliuandikia vijitabu, nami siuingilii hapa. Anayeiona khitma kuwa inafaa, naye hathubutu kuiita faradhi. Na saa nzima ilipita daftari likiwa juu ya kabati.

Shangazi ndiye aliyeliteremsha, akaliweka juu ya mkeka. "Kabla hamjachinja, someni hili."

Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu anagawa mirathi, na mara nne anarudia kuwa mgao huo ni baada ya wasia na deni. Wanazuoni wamepanga: gharama za maziko, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Karamu haimo katika mpango huo. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni la dinari chache mpaka Abu Qatada alipolichukua juu yake. Hata shahidi husamehewa dhambi zake isipokuwa deni. Tena marehemu wetu aliacha watoto wawili wasiobaleghe. Ng'ombe yule angenunuliwa kwa fungu lao pia, na aya ya 10 ya sura hiyohiyo yatosha kumtoa mtu hamu ya pilau.

Daftari lilikuwa na majina saba. Pikipiki ikauzwa, na akiba ya mchele iliyobaki ghalani ikauzwa. Mdai mmoja alisamehe nusu. Mwingine alitaka chake chote, na ilikuwa haki yake, ingawa baadhi ya jamaa walimnunia. Wa tatu alikuwa mama muuza viazi wa Uyole ambaye hakuna aliyemjua. Alilia alipopigiwa simu.

Siku ya arobaini ilipowadia, mwana mkubwa wa marehemu hakuwapo Soweto. Alikuwa Ubaruku, kwa mkulima wa saba, akilipa fedha za magunia manne.