Kisanji cha baba na likembe ya umeme

Siku moja nilikuwa nafundisha somo la sumaku na umeme, nikasikilizisha wanafunzi muziki wa Konono No 1. Mmoja akasema: «Mwalimu, hii muziki ni ya Bazungu, ya mamashini.» Wengine wakakubali. Nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Muziki ule ni wa kwetu Congo. Muzee Mawangu Mingiedi, Mzombo, alianzisha kundi lake kule Kinshasa katika miaka ya 1960. Ngoma za Bazombo zilipigwa kwa pembe za ndovu; yeye akazipeleka kwenye likembe, ile sisi Baluba tunaita kisanji. Lakini sauti ya likembe ni ndogo, na Kinshasa ni makelele. Basi alitafuta sumaku katika vyuma vya motokari za zamani, akajitengenezea mikro. Ulimi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku yenye kuzungushiwa waya, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, na chombo cha kukuza sauti kinaufanya mkubwa. Sauti ilitoka na kukwaruza. Muzee hakuikataa, na kukwaruza kukawa utamu wenyewe wa ngoma.

Mwaka 2004 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilitoa sahani yao Congotronics, na vijana wa Ulaya wenye kucheza dansi za umeme wakashangaa. Mwaka 2007 Björk, mwimbaji wa Iceland, aliwashirikisha katika wimbo wake «Earth Intruders». Muzee Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Naandika haya kwa sababu ya baba yangu. Kisanji chake kilikuwa ukutani sebuleni, na kila magaribi alikipiga. Nilipomaliza ISP na kurudi na diploma yangu, nilimwambia: «Baba, wageni wakikuja, tutoshe kile kitu pale.» Hakunijibu. Alikiweka chini ya kitanda, na mpaka siku ya kufa kwake sikumsikia tena akipiga.

Wengi wetu tunasema umeme unaua mila. Likembe ya Muzee Mingiedi iliingia katika umeme, ikafika mbali. Kisanji cha baba hakikuguswa na umeme. Kilinyamazishwa na haya yangu mimi, mtoto mwenye kusoma.

Somo lililofuata nilikipeleka darasani na kutu yake. Yule mwanafunzi alikisugua polepole, akagusa ulimi mmoja, kisha akauliza: «Mwalimu, sumaku tutaiweka fasi gani?»