Kura Ilipohama Ukumbini

Julai 1995 redio ya nyumbani kwetu Morogoro haikuzimwa. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza muda wake wa urais, na wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM walikuwa Chimwaga, Dodoma, kumtafuta mgombea. Mezani yalibaki majina matatu: Benjamin Mkapa, Cleopa Msuya na Jakaya Kikwete, kijana kuliko wenzake. Baba, aliyezoea enzi za jina moja na kura ya ndiyo au hapana, alikaa na kalamu mkononi. Kikwete aliongoza duru ya kwanza bila kufikisha nusu. Msuya akatoka, kura zikarudiwa, Mkapa akashinda. Kila mtu alijua Mwalimu Nyerere anamtaka nani, lakini hata chaguo lake lilisubiri wajumbe wahesabiwe.

Mchujo ulikuwepo tangu hapo. John Malecela hakufika tatu bora mwaka ule, na mwaka 2005 jina lake lilikatwa tena. Hata hivyo, ukumbini ushindani ulibaki: Kikwete alipambana na Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya, akashinda katika duru ya kwanza.

Mwaka 2015 nilikuwa mtu mzima, na niliona uzito wa uamuzi umehamia kwenye vikao vya ndani. Wanachama 38 walirudisha fomu. Kamati Kuu ikapitisha watano, Edward Lowassa hakuwamo, na baadhi ya wajumbe wa Kamati hiyo wakatoka kupinga hadharani. Mkutano Mkuu ulipompa John Magufuli zaidi ya asilimia 80 dhidi ya Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali, waliobaki naye kati ya watano hao, pambano kubwa lilikuwa limeshapita. Lowassa alihamia Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura za nchi.

Januari 2025 Mkutano Mkuu ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, bila mpinzani.

Najua hoja ya umoja. Chama kinachogombana huumia. Lakini Chimwaga kiligombana kwa kura, na aliyeshindwa mwaka 1995 alibaki chamani, akaja kuwa Rais miaka kumi baadaye. Asiyepigiwa kura hubaki akiamini angeshinda, na wafuasi wake huamini hivyo pamoja naye. Wajumbe warudishiwe majina zaidi ya moja na sanduku la siri. Umoja unaotokana na kura iliyohesabiwa mbele ya wote ndio unaodumu.