Tope linakushika, barafu inakuachia

Tunaandika kutoka Fargo, jimbo la North Dakota, Marekani. Tuko saba, wote tumekulia Nyarugusu, kila mmoja alipanda ndege kwa wakati wake, na leo tunaishi kwenye majengo mawili yanayotazamana.

Tangu tuweke ile picha ya gari nyeupe katikati ya theluji, mmetuita mabosi. Asanteni, lakini bosi mwenyewe ni benki. Ile ni RAV4 ya mtumba, tumeichangia, na kila jioni inabeba watu watano kwenda zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, maili 30 nje ya mji, ambako basi haliendi. Kodi ya nyumba, deni la tiketi ya ndege, na kile kidogo tunachowatumia kwa simu, vyote vinapanda gari hiyo. Sasa wawili kati yenu, ambao tayari mna tarehe ya kuondoka mwezi wa kumi na moja, mmetuuliza: "Si inavuta magurudumu yote manne? Basi theluji itawafanya nini?"

Tumeona tujibu kwa pamoja na kwa urefu, maana kila msimu tunapita gari za namna hiyo zikiwa zimelala mtaroni, na waliokuwa ndani waliamini hivyo hivyo.

Hebu tuanzie nyumbani. Mnaijua barabara ya kutoka Makere kuingia kambini wakati wa mvua. Lori likikwama kwenye ule udongo mwekundu, siku nzima hakuna kinachopita. Halafu inatokea Land Cruiser ya shirika. Dereva anashuka, anafunga loki za mbele, anarudi ndani, anavuta ile gia ndogo, anakanyaga mafuta bila kuachia, na gari inapita ikirusha tope kushoto na kulia. Sisi watoto tunashangilia. Tukabaki na somo moja kichwani: gari ikivuta kwa miguu yote minne, na dereva asipoachia mafuta, hakuna njia inayoshindikana.

Kwenye tope somo hilo ni la kweli. Tatizo la tope ni kukwama. Tope linakushika, na hata mambo yakiharibika mara nyingi linakusimamisha hapo hapo. Unashuka umechafuka, unaita watu wasukume, mnacheka. Barafu na theluji iliyoshindiliwa havikushiki, vinakuachia. Shida yako inakuwa kusimama na kukata kona. Na hapo ule mfumo wa kuvuta kote hauna msaada wa kusimamisha gari, kwa sababu kazi yake ni kugawa nguvu ya injini. Ukitoa mguu kwenye mafuta ukaweka kwenye breki, injini haina tena la kusema. Breki ziko kwenye magurudumu manne kwa kila gari, hata kale ka-Corolla ka mwaka wa zamani. RAV4 yetu na Corolla hiyo, zikiwa na tairi sawa, zinahitaji umbali unaokaribiana ili zisimame. Tofauti ni kwamba iliyo nzito ikigonga, inagonga kwa uzito wake wote.

Hatari yenyewe ni kwamba gari hizi zinaondoka vizuri mno. Kwenye taa, mwenye gari ndogo anazungusha tairi pale pale, inapiga kelele, barafu inamwambia mapema kwamba leo kubaya. Wewe unaondoka kama vile ni mwezi wa saba. Hujapata onyo lolote. Onyo la kwanza utalipata kwenye taa inayofuata, ukiwa na mwendo wa maili 40 kwa saa na watu wanne ndani.

Ndiyo maana mtu akituambia anataka kununua gari, tunamwuliza habari za tairi kabla ya kumwuliza aina ya gari. Tairi za kawaida, hata zile zinazoitwa za misimu yote, mpira wake unaanza kuwa mgumu baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Huku kwetu baridi miaka mingine inafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Mpira uliokauka kama ndala iliyosahaulika juani utashika nini? Tairi za baridi zina mpira laini na mikato midogo midogo mingi inayouma theluji. Alama yake imechorwa ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Herufi M+S peke yake si kitu kile kile, msidanganywe na muuzaji. Na kwa gari inayovuta kote, tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizoisha, magurudumu yanazunguka kwa hesabu tofauti, mfumo wa kugawa nguvu unalazimika kufanya kazi muda wote, mwisho unaharibika, na fundi atakudai kuliko zile tairi mbili ulizozikwepa. Sisi zetu tulizinunua mwezi wa tano, zilizotumika kidogo, wakati hakuna mtu anayezitaka. Upepo nao ukaguliwe: kila baridi ikishuka nyuzi 5 au 6, tairi inapoteza kama psi moja, hata kama haina tundu.

Aliyetufundisha kuendesha kwenye theluji ni mzee mmoja Msomali, dereva wa teksi. Jumapili moja asubuhi alitupeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, akasema: nendeni polepole, halafu kanyageni breki mpaka mwisho. Pedali ikaanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu. Hiyo ni ABS, akasema, usiogope, usiachie, endelea kukanyaga na uongoze usukani. Ambaye hajawahi kuisikia, siku ya kwanza atadhani gari imevunjika, ataachia mguu, na ndiyo basi. Gari ikianza kuserereka kwenye kona, toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda na sio ile nguzo unayoiogopa, mikono ifuate macho. Kwa ujumla endesha kama umebeba beseni la maji kichwani. Mtu mwenye beseni haanzi ghafla, hageuki ghafla, hasimami ghafla. Mama zetu wa bombani wangekuwa madereva wazuri sana wa theluji, wala hatutanii.

Mengine ni mafupi. Gari ya mbele ikipita kibao, anza kuhesabu. Kama na wewe umefika kwenye kibao kabla ya sekunde 6, umekaribia mno, na kwenye barafu tupu hesabu hadi 10. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kile kitufe cha kushikilia mwendo usikiguse barabara ikiwa inateleza. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo unapita juu na chini yake. Greda la theluji usilipite, kaa nyuma yake. Futa theluji yote, hata ya paani. Ukifunga breki inateremka yote kwenye kioo cha mbele. Na hili linawashangaza wageni: siku ya nyuzi sifuri inateleza kuliko siku ya 25 chini ya sifuri, maana barafu inayoanza kuyeyuka ina utando wa maji juu yake. Siku watu wanapovua kofia ndiyo siku ya kupunguza mwendo.

Lakini hapa Fargo tunaogopa upepo kuliko vyote. Nchi hii ni tambarare kama meza, zamani sana ilikuwa sakafu ya ziwa, hakuna kilima cha kuuzuia. Theluji iliyoanguka juzi inanyanyuliwa, juu anga ni ya bluu kabisa, na wewe huoni hata boneti yako. Jimbo lina ramani ya hali ya barabara na namba ya simu, 511. Wakiandika kwamba safari haishauriwi, hawatishi watu. Ikizidi, barabara kuu za I-29 na I-94 zinafungwa, mageti yanashushwa kwenye njia za kuingilia.

Januari moja, saa kumi jioni, ramani ilisema safari haishauriwi, na ujumbe wa kazini ulisema zamu ipo kama kawaida, atakayekosa atahesabiwa pointi. Tulikuwa watano tumevaa makoti tayari, tumesimama kwenye korido. Mwenye ufunguo ni mwenzetu wa miaka 23. Mama mmoja wa Fizi ambaye tunampa lifti, ana watoto wanne, alimwambia: "Baba, macho yetu ni wewe. Ukisema twende, tunaenda. Ukisema hapana, tunavua makoti. Ila usiseme twende kwa sababu unatuonea aibu." Kijana akasema hapana. Tukavua makoti, na kwa kweli wengine tulivua kwa hasira, kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha na kodi ilikuwa haijatimia.

Jirani yetu, Mrundi aliyetokea Nduta, alikuwa amebakiza pointi moja tu kabla ya kufukuzwa. Yeye akapanda pikapu ya mfanyakazi mwenzake, foo wili, ndefu, imenyanyuliwa. Saa tatu usiku akatupigia: wako mtaroni, wako watatu, hawaoni kitu. Walikuwa wameshapiga 911 na kuambiwa wasitoke ndani ya gari, magreda yameondolewa barabarani mpaka upepo upungue. Tukaongea naye kwa dakika mbili mbili ili chaji isiishe. Akasema injini inawaka, wana joto, ila vichwa vinawauma wote.

Hapo ndipo tulipopiga kelele: "Bomba la moshi liko wapi?"

Nyie mnaijua sumu hii. Ni ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi, mlango ukafungwa, asubuhi majirani wanabomoa. Haina harufu, haina rangi. Gari ikizikwa na theluji, bomba la moshi linazibwa, moshi unarudi walipo watu, na wao wanausikia kama joto. Tukamwambia azime injini, afungue dirisha, atoke akiwa ameshika ubavu wa gari asiuachie hata sekunde, achimbe nyuma mpaka bomba lionekane. Hawakuwa na chepe. Alichimba kwa mikono. Baada ya hapo waliwasha injini kama dakika 10 kwa kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo upande usio na upepo, na kila kabla ya kuwasha mmoja alitoka kulichimba tena. Walifikiwa saa kumi na moja alfajiri. Ncha za vidole vyake viwili zilibaki nyeusi kwa wiki kadhaa. Pointi alihesabiwa vilevile, na kazi akaikosa.

Tangu siku hiyo nyuma ya RAV4 kuna chepe, mablanketi matatu, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi, tochi, waya za kuamshia betri, biskuti na chaja. Tenki haishuki chini ya nusu. Tukikwama hatuzungushi tairi kwa hasira, maana zinayeyusha theluji, inaganda tena, unabaki umejichimbia shimo la kioo.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, tuna ombi. Kwenye mafunzo ya kabla ya safari watu wanaonyeshwa koti, glovu na buti, na ni vizuri. Ongezeni dakika 20 za gari. Habari ya jiko la mkaa tayari mnaifundisha kambini. Ongezeni bomba la moshi. Na mwiteni mmoja wa madereva wenu wa Land Cruiser aeleze mwenyewe kwa nini gia ile inayomtoa kwenye tope haiwezi kumsimamisha. Watoto wanamsikiliza yeye kuliko mtu yeyote, sisi ni mashahidi.

Kuhusu pesa, maana mtatuuliza: tumeanzisha kibubu. Kuanzia mwezi wa tisa kila abiria na dereva anatia dola 5 kwa wiki. Ramani ikisema safari haishauriwi, gari haitoki, na aliyebanwa zaidi na kodi anafidiwa ile zamu. Tulibishana wiki nzima nani ataamua kwamba barabara ni mbaya, tukakubaliana awe ni dereva peke yake, na abiria haruhusiwi kumpigia simu mara ya pili. Msimu uliopita kibubu kililipa zamu tatu. Kilichobaki tumenunulia chepe la pili, la jirani.