Kutetea Si Kujitetea

Akina mama wenzetu, kuna barua ambayo hata ikiwa ya heri huitikisa nyumba nzima. Kwetu ilifika mwezi wa Mei, mwaka 2018. Ilisema kwamba watahini wamekwisha kuisoma tasnifu, na kwamba mtahiniwa afike chuoni Morogoro baada ya majuma matatu, aitetee mbele ya jopo. Mtahiniwa mwenyewe ndiye mama wa nyumba hii, mwenye watoto watatu na umri wa miaka 44. Tunaandika haya wawili, mke na mume, kwa sababu mmoja akisimulia peke yake huenda akajipendelea.

Pengine msomaji atauliza, kutetea tasnifu ni nini? Shahada ya uzamivu ndiyo ya juu kabisa chuoni. Anayeitafuta hufanya utafiti kwa miaka, akaandika kitabu kizima juu ya jambo moja. Kitabu hicho husomwa na wasomi, na mmoja wao hutoka chuo kingine; huyo huitwa mtahini wa nje. Kisha mwanafunzi huketishwa mbele ya jopo aulizwe kwa mdomo: Umejuaje? Kwa nini ulifanya hivi, usifanye vile? Una hakika gani? Hapo hakuna wa kumnong'oneza.

Utafiti wa mama ulihusu jambo ambalo kila mmoja wenu analijua: mahindi kuliwa ghalani. Adui mkubwa ni yule mdudu mdogo aitwaye dumuzi. Huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Afrika alionekana kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Akiingia katika gunia, punje hugeuka unga. Mama alifuatilia kaya za vijiji kadhaa wilayani Kilosa kwa miezi 6, akilinganisha mahindi yaliyowekwa katika magunia ya kawaida na yale ya mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo ikifungwa barabara, wadudu waliomo huimaliza oksijeni, huacha kula, kisha hufa bila dawa yoyote.

Maswali ya mezani

Tulianza vibaya. Juma la kwanza mama alijifungia chumbani na tasnifu yake usiku na mchana, akikariri kurasa. Baba alizunguka nyumba akiwanyamazisha watoto. Chakula kilipoa mezani. Mwisho wa juma, binti yetu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili, aliuliza kwa upole, "Mama, kwa hiyo umegundua nini?" Mama alieleza kwa dakika kumi. Binti akaitikia kwa kichwa kwa adabu, lakini sote tuliona kwamba hakuelewa kitu.

Msimamizi wa mama aliposikia alicheka. Akashauri mambo matatu. Kwanza, kila sura ya tasnifu iandikwe upya kwa sentensi moja tu. Pili, yaandikwe maswali yote ambayo mama anayaogopa, hasa yale anayoomba yasiulizwe. Tatu, aulizwe na watu wasioijua fani yake, maana hao hawamwonei mtu haya.

Basi tukaandika maswali 32 kwenye vipande vya karatasi, tukavitia katika kopo la sukari. Kila jioni baada ya chakula mtoto mmoja alichomoa kimoja na kukisoma kwa sauti. Mtoto wa pili alichomoa hiki: "Mkulima asiye na mashine atajuaje kwamba mahindi yamekauka vya kutosha kufungiwa mfukoni?" Safari hii mama alijibu kama mtu anayezungumza na jirani. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, uache kwa robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji; yarudishe juani. Isiponata, yako tayari. Watoto walitaka kujaribu pale pale.

Kitinda mimba wetu, wa miaka 7, alipewa kazi ya kulinda saa. Mama alikuwa na dakika 20 za kueleza kazi yake kabla ya maswali, na zilipotimia mtoto alipiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, hata kama sentensi haijaisha. Baadaye tulisoma kwamba katika vyuo vikuu vya Uholanzi kuna mshika fimbo ambaye saa ikitimia huingia na kutangaza kwa Kilatini, "Hora est," yaani saa imefika, na mtahiniwa hana budi kunyamaza. Tulisoma pia kwamba huko mtahiniwa husindikizwa na wenzake wawili, nao hukaa karibu naye mpaka mwisho. Tukasema, kumbe hata Wazungu wamejua kwamba jambo hili si la mtu mmoja.

Swali la bibi

Siku hizo mama yake baba watoto alikuwa kwetu, amekuja kutoka Kilosa kutibiwa macho. Jioni moja alikuwa ameketi pembeni akichambua maharage kwenye ungo, akisikiliza tu. Mtoto alichomoa swali juu ya kiasi cha mahindi kilichopotea katika magunia ya kawaida. Mama akajibu vizuri, na tarakimu zake. Bibi akainua uso.

"Mwanangu, na wale waliomaliza mahindi kabla ya hiyo miezi sita, umewaweka wapi?"

"Walikuwa kaya tatu tu, mama. Walijitoa katika utafiti."

"Walijitoa, au walitolewa na dumuzi? Mtu akiona mahindi yake yanageuka unga hamngoji mwenye kalamu arudi. Atauza, au atakula upesi."

Akarudi kwenye maharage yake. Sisi tulibaki kimya.

Usiku ule mama alifungua madaftari yake ya kijijini. Kaya zilizoanza na magunia ya kawaida zilikuwa 24. Zilizofika mwisho zilikuwa 21. Lakini katika jedwali moja jumla ya zile 21 ilikuwa imegawanywa kwa 24. Kwa hiyo hasara ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Hilo lilikuwa kosa la mkono. Lile la bibi lilikuwa kosa la fikra, nalo ni zito zaidi: huenda kaya tatu zilizoondoka ndizo zilizoliwa sana kuliko zote, na tasnifu haikusema neno juu yake.

Usiku wa ugomvi

Zilibaki siku nne. Nakala za tasnifu zilikuwa zimekwisha kufika mikononi mwa watahini. Baba alisema, "Mama watoto, liache. Tumengoja miaka sita. Nani atakaa chini kuhesabu tena?" Mama akajibu, "Ndivyo ulivyo. Kazi yako kufunika."

Tunadhani akina mama wengi watatambua sauti hiyo. Ugomvi ulianza kwa jedwali, lakini haukuwa wa jedwali. Mwaka 2015, mama akiwa vijijini kukusanya takwimu, mtoto wetu wa pili alishikwa na malaria kali, akalazwa, akaongezewa damu. Baba hakumpigia mama simu kwa siku mbili, eti asivuruge kazi. Mama alifika akamkuta mtoto ameketi kitandani anakunywa uji. Tangu hapo, kila tulipokosana, mmoja alisema, "Ulinificha," na mwingine alijibu, "Hukuwapo." Miaka mitatu tulijitetea hivyo, kila mmoja kwa ustadi mkubwa, wala hakuna aliyeshinda.

Usiku ule mmoja wetu aliuliza swali. Kwa kweli hatukumbuki ni nani, na hata leo kila mmoja humtaja mwenzake. Aliuliza hivi: "Tungeketishwa mbele ya jopo tuulizwe juu ya siku zile za hospitali, tungejibuje?" Ilikuwa kama mzaha. Lakini tulikuwa na mazoea ya majuma mawili ya kujibu maswali, tena kwa kifupi. Ulifanya nini? Kwa nini? Leo ungefanya nini?

Baba alisema, "Nilijua nilipaswa kupiga simu. Niliogopa utasema nimeshindwa kumtunza mtoto. Niliyekuwa ninamlinda si wewe, ni mimi."

Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Siku ya pili nilikuwa mahali penye mtandao. Ningeweza kupiga mimi. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, nami nilifurahi kuwa mbali na nyumba kidogo. Sikuuliza hali zenu."

Maneno hayo hayajawahi kusemwa katika nyumba yetu. Hatukulia sana. Tulikunywa chai iliyokwisha kupoa, tukalala alfajiri ikikaribia.

Asubuhi mama alikwenda kwa msimamizi na madaftari yake. Tulitazamia akasirike. Alisoma, akafuta miwani, akasema kwamba kosa analolileta mwanafunzi mwenyewe huzaa mazungumzo, bali lile analokutwa nalo huzaa kesi. Mama akahesabu upya, akaandika ukurasa mmoja wa masahihisho, na idara ikaupeleka kwa wajumbe wa jopo kabla ya siku yenyewe.

Siku yenyewe

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, milima ya Uluguru imejifunika ukungu. Mama alivaa gauni lake la kawaida la kazini, lile alilolizoea, ili asisumbuke nalo. Baba aliketi nje kwenye benchi na chupa ya chai na chapati mbili zilizofungwa kwa kitambaa. Bibi alibaki nyumbani na watoto.

Ndani, mtahini wa nje alianza na ule ukurasa.

"Hii umeileta mwenyewe?"

"Ndiyo, profesa."

"Nani aliligundua kosa?"

"Mama mkwe wangu."

Walicheka wote. Kisha likaja swali gumu: je, kaya zile tatu zinabadili hitimisho lako? Mama akajibu kwamba mwelekeo haubadiliki. Mifuko isiyopitisha hewa ilihifadhi vizuri zaidi. Lakini hasara ya magunia ya kawaida yaelekea ni kubwa kuliko alivyoandika. Kubwa kiasi gani, hajui, kwa sababu hakupima kila mwezi, alipima mwanzo na mwisho tu. Kama angeanza upya, angepima kila mwezi, ili hata anayeondoka njiani aache habari zake. Baadaye aliulizwa jambo la kemia ya viuatilifu ambalo hakuwa amelisoma. Akasema, "Hilo sijui." Anasema kwamba neno hilo lilimtoka bila kuungua koo, jambo ambalo majuma matatu kabla lisingewezekana.

Mahojiano yalichukua karibu saa mbili. Mama alitolewa nje jopo lishauriane, akaja kuketi kwenye benchi. Chai hakuigusa. Hatukusema lolote. Alipoitwa tena, aliambiwa amefaulu, kwa sharti la kufanya marekebisho katika muda wa miezi mitatu. Rekebisho la kwanza katika orodha lilikuwa kaya tatu za bibi.

Tuliyoyapata

Ndugu msomaji, wako wanaodhani kwamba masomo ya namna hii si ya mwenye mume na watoto. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati, akiwa tayari ni mke na mama. Njia ilikwisha kufunguliwa zamani. Kama katika nyumba yako yuko anayejiandaa, awe ni wewe, mumeo au binti yako, msimwache peke yake na makaratasi. Mwulizeni maswali. Mlindieni saa. Mpeni usingizi usiku wa mwisho. Wala msimdharau mzee aliyeketi pembeni na ungo, kwa maana huenda yeye ndiye mtahini mkali kuliko wote.

Nawe usiyetarajia kukaa mbele ya jopo lolote, tunakuachia hili. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayetetea kazi yake husema: hili ninalijua, hili nilikosea, hili silijui. Anayejitetea nafsi hana maneno hayo matatu kinywani, na ndiyo maana ugomvi wake hauishi. Sisi tulikaa miaka mitatu bila kuyasema, tukiwa na vyeti ukutani.

Kopo la sukari bado liko juu ya kabati. Maswali ya dumuzi yalikwisha kutolewa. Siku hizi kila Jumamosi jioni yeyote wa nyumba hii anaweza kutia kikaratasi chake humo, na atakayeulizwa hujibu kwa kifupi. Juma lililopita kilitoka kimoja chenye mwandiko wa kitoto: "Baba, kwa nini ulinikaripia Jumatatu?" Baba alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nilikosea."